Kompyuta Imegoma Kuwaka Baada ya Kusasisha Bayosi? Weka Bisibisi Chini Kwanza

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, mama mmoja mwenye saiba, duka la intaneti na kuchapisha, huku Kondele alikuwa na kompyuta inayosasisha bayosi, ile programu inayoiamsha kompyuta. Anasema ilikuwa imepita asilimia sitini. Jumatatu akaniletea mashine kwa boda, imefungwa kwa leso mbili ili isigongwegongwe, akaiweka mezani akasema, "Fundi, hii ndiyo ya kuchapisha. Ikifa hii, nimefunga duka."

Tuliifufua, na nitaeleza jinsi gani huko chini. Lakini kesi ya mama huyo si ya kila siku. Mashine nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Kisumu zikisemekana "zilikufa baada ya kusasisha" bayosi zao ni nzima. Zimefutiwa mipangilio tu, au bado zilikuwa kazini mwenyewe akakosa subira. Na zipo ambazo zilikuwa nzima kabisa mpaka mwenyewe alipochomoa waya ukutani kwa sababu skrini ilikuwa nyeusi dakika mbili. Hizo ndizo huniuma.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Za mwanzo hazina gharama na haziharibu kitu. Za mwisho zinaweza kuharibu.

Kinachosasishwa ni nini hasa

Bayosi, ambayo kwenye skrini utaiona imeandikwa BIOS au UEFI, ni programu dhibiti ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Inakaa kwenye chipu ya miguu minane, ndogo kuliko punje ya hindi, na kwa kawaida ina nafasi ya MB 8, 16 au 32. Prosesa ikiamka, maagizo yake ya kwanza inayasoma humo, kabla hata ya kujua kwamba kuna diski wala Windows.

Unaposasisha, chipu hufutwa kipande kwa kipande kisha ikaandikwa upya. Umeme ukikatika katikati, prosesa itaamka kesho na kukuta sentensi iliyokatwa nusu. Haijui pa kuendelea, basi inanyamaza.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH kiliamka katika kompyuta nyingi duniani, kikafuta diski, na kwenye baadhi ya bodi kikaandika takataka juu ya chipu hiyo ya bayosi. Ukipatikana na hilo enzi zile, ulikuwa unatafuta chipu nyingine. Leo njia ni nyingi, ila lazima ujue uko kwenye tatizo lipi.

Mhoji mwenyewe kabla ya kuigusa mashine

Hata kama mwenyewe ni wewe, jihoji. Mara ya mwisho uliona nini kwenye skrini? Kama ilifika mia kwa mia ikajizima na kujiwasha yenyewe, bayosi huenda imeandikwa sawasawa na tatizo ni jingine. Kama stima ilipotea, au ulibonyeza kitufe cha kuzima ukidhani imekwama, basi shaka yote iko kwenye chipu.

Faili uliitoa wapi? Ilikuwa ya bodi yako hasa? Bodi moja inaweza kuwa na jina lile lile lakini toleo tofauti, na toleo hilo huchapishwa kwa herufi ndogo kwenye kona ya bodi yenyewe, kwa mfano "rev 1.0" au "rev 1.2". Faili ya moja haifai nyingine. Nimewahi kuletewa laptopu ambayo mwenyewe alichukua faili kwa kuangalia jina lililoandikwa juu ya kifuniko, na hilo jina linatumika kwa mashine chungu nzima.

Halafu kuna yule anayeapa, "Fundi, mimi sijagusa kitu." Mara nyingi anasema kweli. Windows siku hizi huleta sasisho la bayosi pamoja na masasisho mengine, hasa kwa laptopu za maofisini, na laptopu nyingi tunazonunua huku, za mitumba kutoka Uingereza na kwingineko, ni hizo hizo. Mtu amefunga kifuniko akaingia matatu ya kwenda Siaya, betri ikaishia njiani.

Haiwaki kivipi?

Neno "haiwaki" lina maana tatu, na dawa zake hazifanani.

Kuna isiyotoa hata pumzi: hakuna taa, feni haizunguki. Hii kwenye kompyuta ya mezani ni nadra sana kuwa bayosi. Fikiria kwanza pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, kwa sababu stima ikirudi baada ya kupotea mara nyingi hurudi kwa kishindo. Jaribu soketi nyingine, waya mwingine, kisha pawasaplai ya kuazima. Kwenye laptopu mambo ni tofauti kidogo: sasisho moja hubeba pia programu ya chipu inayosimamia kitufe, chaja na kibodi, kwa hiyo sasisho lililokatika linaweza kuifanya laptopu iwe jiwe kabisa.

Kuna inayozungusha feni lakini skrini ni giza. Hapa ndipo kazi ilipo.

Na kuna inayoleta picha, nembo ya kampuni inaonekana, kisha Windows haiingii. Kama hii ndiyo yako, shangilia. Bayosi ni nzima. Ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya Windows.

Ngoja

Ndiyo, hii ni hatua. Iwashe, iache nusu saa nzima, usiguse kitu. Mashine nyingi hujizima na kujiwasha mara mbili tatu baada ya sasisho, huku feni ikipiga kelele na skrini ikiwa nyeusi, kwa sababu zinaandika vipande vingine vilivyobaki. Na bodi za rami, yaani kumbukumbu ya muda, ya DDR5, hasa za AMD za soketi ya AM5, hupima rami upya zikiwaka mara ya kwanza. Dakika kadhaa za giza ni kawaida, na rami ikiwa nyingi muda unazidi.

Nusu saa ni muda wa kwenda Dunga na kuagiza samaki, bado hata hajatoka kwenye mafuta. Laptopu iache imechomekwa chaja muda huo wote.

Kama bodi ina taa ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, itazame. Taa ikihama kutoka moja kwenda nyingine, kuna uhai. Ikiganda kwenye DRAM, yaani rami, nusu saa nzima, umepata fununu.

Laptopu nazo huongea kwa kupepesa taa. Dell nyingi hupepesa rangi ya chungwa kisha nyeupe: mara mbili na mara mbili ni bayosi, mara mbili na mara tatu ni rami haionekani. HP za ofisini hupepesa nyekundu kisha nyeupe, na mbili kwa mbili ni bayosi iliyoharibika. Hesabu mara tatu kabla ya kuamini macho yako, au irekodi kwa simu uicheze polepole.

Maliza umeme wote, kisha futa mipangilio

Hatua hii ndiyo inayorudisha mashine nyingi kuliko nyingine yoyote, ila kwanza onyo moja. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, Windows itakudai ufunguo wa tarakimu 48 mara bayosi inapobadilika. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu uhakikishe ufunguo upo. Kama laptopu ni ya kazini au ya shule, muulize mwenye mamlaka nayo.

Kompyuta ya mezani: chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ukishikilie sekunde 30 ili umeme uliobaki uishe. Fungua kifuniko, gusa chuma cha kasha kwanza ili mwili wako uache chaji. Utaona betri bapa ya CR2032, sawa na ile ya rimoti ya gari. Itoe, iache nje dakika kumi, uirudishe. Ipime pia kwa multimita: mpya huwa volti 3 na kidogo, ikiwa imeshuka karibu 2.5 nunua nyingine. Ni bei ya chai na mandazi, na nimeona betri mfu ikifanya watu walaumu sasisho bure.

Pini mbili za kufutia mipangilio nazo zipo karibu na hapo. Kwenye Asus nyingi zimeandikwa CLRTC, kwenye MSI JBAT1, kwenye Gigabyte CLR_CMOS. Umeme ukiwa umechomolewa, ziunganishe kwa ncha ya bisibisi kama sekunde kumi.

Kwenye laptopu chomoa chaja, tenganisha betri kubwa ndani, kisha ile ndogo ya saa kama ipo. Laptopu nyingi za sasa hazina betri ya saa peke yake, kwa hiyo kutenganisha betri kubwa kunatosha. Baadhi ya ThinkPad zina kitundu chini, unachomeka pini ya karatasi kubonyeza swichi ya ndani, na huhitaji kufungua kitu. Jua pia kwamba nywila ya bayosi kwenye laptopu za ofisini haifutiki kwa kutoa betri. Aliyekuuzia na kukuambia hivyo hakukutakia mema.

Rudisha kila kitu, washa, ngoja tena. Mipangilio ikifutwa, mashine inapima rami upya, kwa hiyo giza la mwanzo linarudi.

Feni inazunguka, picha haiji

Chomoa kila kisicholazimika: flashi, printa, diski za ziada. Toa rami zote, bakiza moja, iweke kwenye tundu la pili ukihesabu kutoka kwa prosesa kama matundu ni manne. Jaribu ya pili peke yake. Futa meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, hasa kama mashine ilikaa kwenye vumbi.

Halafu kadi ya picha. Kuna jambo hapa ambalo mafundi wenzangu wengi hulipita. Kadi za zamani hutegemea mfumo wa kale wa kuwaka, ambao kwenye mipangilio ya bayosi unaitwa CSM. Bayosi mpya inaweza kuja ikiwa imeuzima. Kompyuta inawaka kabisa, hata Windows inaingia, lakini kadi haijui kuzungumza na bayosi kwa lugha mpya na wewe unaona giza. Chomoa kadi, hamishia waya wa skrini kwenye tundu la bodi lenyewe. Picha ikija, ingia kwenye mipangilio uiwashe CSM, kisha urudishe kadi.

Njia hiyo inafaa tu kama prosesa ina picha yake ndani. Intel zenye herufi F mwishoni mwa namba hazina. Ryzen za AMD za mfululizo wa 5000 zisizo na G hazina. Ukiwa na mojawapo, azima kadi ya kisasa kwa jirani.

Linalobaki ni prosesa kuachwa. Kwenye baadhi ya bodi za AMD za soketi ya AM4 zenye chipu ya MB 16, watengenezaji walikosa nafasi ya kuandika majina ya prosesa zote, wakaondoa za zamani ili za mpya ziingie. Ukisasisha bodi kama hiyo huku ukiwa na prosesa mojawapo ya zile kongwe za A-Series, bayosi inaandikwa vizuri kabisa na kompyuta haiwaki. Maelezo ya toleo huwa yanaonya, ila nani husoma? Dawa ni kurudisha toleo la nyuma kwa njia ya flashi, au kuweka prosesa mpya.

Picha ipo, Windows haiingii

Sasisho limerudisha mipangilio ya kiwandani, na kiwanda hakijui diski yako iliwekwaje.

Ingia kwenye mipangilio mara tu unapowasha: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, Del au F2 kwa bodi nyingi za mezani. Tafuta namna diski inavyosomwa, ambayo itakuwa AHCI au RAID. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID, na fundi aliyekuwekea Windows alikuwa ameibadilisha kuwa AHCI. Sasa imerudi RAID, na unapata skrini ya bluu iliyoandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Badilisha, hifadhi, washa. Nimewahi kumaliza kazi ya mwalimu kutoka Maseno kwa dakika nne kwa njia hii, akiwa tayari ameshauriwa anunue diski mpya.

Kama sivyo, angalia mpangilio wa diski ya kuanzia, na ile CSM tena. Windows iliyowekwa kwa mtindo wa zamani haitaonekana CSM ikiwa imezimwa. Mwisho rekebisha tarehe na saa. Saa ikisoma miaka ya nyuma, kivinjari kitakataa karibu kila tovuti, eCitizen ya huduma za serikali ikiwemo, na utadhani intaneti imeharibika.

Bayosi imeharibika kweli: kuandika upya kwa flashi

Kabla ya yote, umeme. Usianze kazi hii bila UPS, ile betri ya akiba ya stima ikipotea, kwenye kompyuta ya mezani. Azima kama huna. Mimi huifanya asubuhi, kwa sababu huku kwetu mvua ya radi hupenda kuja alasiri, na wa Kakamega wanaijua zaidi yangu. Laptopu iwe na betri yenye chaji na chaja imechomekwa, vyote viwili.

Bodi nyingi za mezani za miaka ya karibuni zina kitufe nyuma, karibu na tundu la USB lililowekewa alama. Asus huliita BIOS FlashBack, MSI ni Flash BIOS Button, Gigabyte ni Q-Flash Plus. Uzuri wake ni kwamba bodi hujiandika yenyewe hata prosesa na rami zikiwa hazifanyi kazi.

Tafuta flashi ndogo, isizidi GB 32, uifomati kwa mtindo wa FAT32. Pakua faili kutoka kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa bodi yako, toleo lile lile la bodi, uifungue kutoka kwenye zipu. Sasa jina, na hapa ndipo watu huanguka. MSI inataka faili iitwe MSI.ROM. Gigabyte inataka GIGABYTE.bin. Asus huweka ndani ya zipu kiprogramu kiitwacho BIOSRenamer, ukikibonyeza kinaipa faili jina linalofaa. Hakikisha kompyuta unayotumia haifichi viambishi vya majina, usije ukaandika MSI.ROM kumbe kwa kweli ni MSI.ROM.ROM.

Weka faili peke yake kwenye flashi, nje ya folda yoyote. Zima kompyuta lakini acha pawasaplai ikiwa imewashwa, chomeka flashi kwenye lile tundu lenye alama, bonyeza kitufe sekunde tatu hivi. Taa itaanza kupepesa. Ikipepesa sekunde chache kisha ikabaki imewaka tuli, faili haikukubalika: rudi kwenye jina, fomati, au jaribu flashi nyingine, maana vitundu hivi huchagua flashi kama mtoto achaguavyo mboga. Ikiendelea kupepesa, iache. Dakika tano, nane, kumi. Mpaka izime yenyewe.

Gigabyte nyingi za zamani zina chipu mbili, moja ya akiba, na bodi hujaribu kujinakilia yenyewe ukiiacha. Kama ni yako, umebahatika.

Laptopu za HP na Dell

HP: kwenye kompyuta nyingine, endesha faili ya bayosi ya modeli yako na uchague kutengeneza flashi ya uokoaji. Chomeka flashi kwenye laptopu mgonjwa ikiwa imezimwa na iko kwenye chaja. Shikilia kitufe cha Windows pamoja na herufi B, na ukiwa bado umevishikilia bonyeza cha kuwasha sekunde mbili au tatu ukiachie, lakini vile viwili endelea kuvishikilia. Skrini inaweza kubaki nyeusi zaidi ya nusu dakika, na unaweza kusikia milio. Usitishike.

Dell za tangu karibu 2016: pakua faili ya bayosi, iite BIOS_IMG.rcv, iweke kwenye flashi ya FAT32. Chomoa chaja, shikilia Ctrl na Esc pamoja, kisha chomeka chaja huku umeshikilia. Skrini ya uokoaji ikitokea, achia. Wakati mwingine inatokea hata bila flashi, kwa sababu laptopu huwa imeficha nakala kwenye diski yake.

Kila moja ijaribu mara tano kabla ya kukata tamaa. Vidole huteleza.

Programa na klipu: mashine ya mama wa Kondele

Bodi yake ilikuwa ya ofisini, ya zamani, haina kitufe cha uokoaji wala chipu ya akiba. Hapo unabaki na njia ya kuishika chipu yenyewe. Kama hujawahi, mpelekee fundi anayefanya kazi hii, na umuulize swali moja: "Utasoma ya zamani kwanza?" Akisema hapana, chukua kompyuta yako.

Unahitaji programa ya USB, yaani kifaa cha kusoma na kuandika chipu, maarufu ikiwa ile ya CH341A, na klipu ya miguu minane. Zile nyeusi za bei rahisi zina ila moja mbaya: huipa chipu volti 3.3 za kuishi lakini nyaya za data huja na volti 5. Chipu nyingi huvumilia, na siku moja haivumilii. Tafuta yenye swichi ya kuchagua volti.

Soma jina la chipu kwa kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu uipanue. Kwa mfano W25Q128FV na W25Q128JV ni za volti 3.3. W25Q128FW na W25Q128JW ni za volti 1.8, na hizo zinahitaji adapta yake, la sivyo utaiunguza. Herufi moja tu inatenganisha mbili hizo.

Chomoa umeme, betri kubwa, betri ya saa. Nukta kwenye kona ya chipu ndio mguu wa kwanza, na waya mwekundu wa klipu uende hapo. Kisha soma mara mbili. Mimi hutumia programu ya flashrom kwenye Linux:

flashrom -p ch341a_spi -r zamani1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r zamani2.bin
sha256sum zamani1.bin zamani2.bin

Namba ndefu mbili ambazo amri ya mwisho inatoa zisipofanana herufi kwa herufi, klipu haijakaa. Kwa mashine ya mama nilirudia mara sita, kwa sababu miguu ya chipu ilikuwa na utando wa vumbi na unyevu. Nikaisugua kwa mswaki na spiriti, ikafanana. Ile nakala ya zamani, hata ikiwa imeharibika, iweke mahali salama. Ina namba ya mashine, na mara nyingi namba ya MAC ya kadi ya mtandao.

Usichukue faili ya mtengenezaji ukaimwaga yote juu ya chipu. Kwenye mashine za Intel chipu imegawanywa: mwanzoni kuna ramani ya mgawanyo, kisha sehemu ya ME, programu ya Intel yenyewe, wakati mwingine sehemu ndogo ya MAC, na bayosi yenyewe iko mwishoni. Faili ya kupakua mara nyingi ni ya bayosi peke yake, na baadhi zina kichwa cha ziada cha kukatwa. Unachofanya ni kuifungua nakala ya zamani kwa programu ya UEFITool, uondoe sehemu ya bayosi iliyooza, uweke mpya mahali pake, huku sehemu nyingine zikibaki kama zilivyokuwa. Namba ya mashine, ambayo aghalabu iko ndani ya ile sehemu iliyooza, unaihamisha pia. Faili ya mwisho lazima ilingane na chipu baiti kwa baiti: 8,388,608 kwa MB 8, au 16,777,216 kwa MB 16. Ikizidi au ikipungua hata baiti moja, simama.

flashrom -p ch341a_spi -w mpya.bin

Yenyewe hufuta, huandika, kisha husoma tena kuthibitisha. Isubiri iseme VERIFIED. Ondoa klipu kabla ya kurudisha umeme wowote. Kusahau hilo kumeua programa yangu moja.

Mashine ya mama ilikaa giza dakika moja na nusu hivi, feni ikapanda, ikashuka, nembo ikatokea. Saa yake ilisoma mwaka ambao saiba yake haikuwa imefunguliwa bado. Nikarekebisha tarehe, nikarudisha diski kwenye AHCI, nikaandika toleo la bayosi kwenye utepe wa karatasi nikaubandika ndani ya kifuniko, kwa faida ya fundi atakayefuata. Mama akataka aone karatasi ikitoka kwenye printa ndipo alipe. Ikatoka. Akaikunja akaitia mkobani, akaniuliza kama zile kompyuta nyingine tano nazo zisasishwe. Nikamwambia zinachapisha, zinafungua eCitizen, hazina tatizo lolote, ziache.